Mabua ni ya nani? Kilimo cha nchi kavu Dodoma, na walichofanya wenzetu Burkina Faso, Niger na India

Mleta uzi

Mbukwenyi wakuu.

Naandika nikiwa kijijini, wilaya ya Chamwino. Jana tulikuwa na kikao cha kitongoji kikaisha bila muafaka. Hoja ilikuwa moja tu: mtu akishavuna mtama wake, mabua yanayobaki shambani ni mali yake, au ni malisho ya kijiji kizima? Wengine mtaona ni jambo dogo. Mimi nimelima hapa misimu sita, nimesoma sana habari za wakulima wa nchi kavu duniani, na kila nikisoma narudi kwenye swali hilo hilo. Ngoja nilete mada taratibu.

Tuanze na maji. Dodoma tunapata milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na katikati hapo mvua hukatika wiki mbili au tatu wakati mtama unataka kubeba. Tumezoea kusema hatuna mvua. Mwaka juzi Januari ilinyesha kwa saa moja hivi, kipimo changu kikasoma milimita 30. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Heka ni mita za mraba 4,047. Yaani kwa saa moja zilimwagika lita zaidi ya 121,000 juu ya kila heka niliyo nayo. Mvua ilipokatika nikachukua jembe nikaenda kuangalia. Upande niliolima kwa trekta nikachimba: unyevu umeshuka urefu wa kidole cha kati, chini yake udongo mkavu unatoa vumbi. Nikavuka hatua 20 kwenda upande wa mashimo, nikachimba tena: mkono ukazama kwenye tope mpaka karibu na kiwiko. Shamba moja, mvua moja. Maji ya upande wa kwanza yalikuwa yameshafika bondeni na udongo wangu.

Ule upande wa trekta una historia yake. Msimu wangu wa kwanza nilikodi, dereva akalima kufuata mteremko kwa sababu kugeuza ni rahisi, nami sikujua kumzuia. Kila mstari wa plau ukawa mfereji. Kufika Aprili nilikuwa na korongo linalonifika magotini, na mpaka leo nalijaza mawe.

Wenyeji wa Kongwa mnajua tulishawahi kufanyiwa kosa hilo kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta mpango wa karanga: walipanga kulima ekari zaidi ya milioni tatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili wapate mafuta ya kula baada ya vita. Wakaleta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru. Wakang'oa vichaka, wakaacha udongo wazi. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao jua likiupiga unakuwa kama sakafu ya saruji, karanga haing'oki. Mvua nazo hazikuja walivyopanga. Mpango ulifutwa 1951, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimepotea. Mgogo wa Kongwa wakati huo alikuwa analima uwele na mtama huku ng'ombe wakimpa samadi, na hakuna aliyemsikiliza.

Sasa hayo mashimo. Yanaitwa mashimo ya Chololo, kwa jina la kijiji cha Chololo hapa hapa Dodoma, mkulima wa pale ndiye aliyeyabuni. Shimo lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha 30. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, mstari hadi mstari 90, na mistari inakata mteremko, haishuki nao. Udongo unaotoka unawekwa upande wa chini wa shimo uwe kingo. Ndani unaweka samadi, masalia ya mazao na majivu kidogo. Mvua ikinyesha kila shimo linakuwa kikombe. Ikikatika Februari, mmea una akiba yake chini.

Nilipoanza kuchimba nilidhani ni jambo la kwetu peke yetu. Kumbe Burkina Faso, mkoa wa Yatenga, kulikuwa na mzee anaitwa Yacouba Sawadogo. Ukame wa miaka ya 1980 ulipofukuza watu vijijini, yeye alibaki akichimba mashimo wanayoyaita zaï. Babu zake walikuwa nayo, yeye akayapanua na kuyajaza samadi wakati wa kiangazi kabla ya mvua. Watu walimwona amechanganyikiwa. Ardhi iliyokuwa imekufa, ngumu kama barabara, ikatoa mtama, na mbegu za miti zilizokuwemo kwenye samadi zikaota mpaka akawa na msitu. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Right Livelihood, akafariki Desemba 2023.

Nitaendelea. Karibuni.

Nyika Kavu

Shukrani mkuu kwa mada. Mimi niko Bahi. Swali langu ni mchwa. Ukiweka masalia na samadi kwenye shimo si unawaalika mchwa waje wamalize mimea?

Mleta uzi

Mkuu, swali zuri, na hapa wakulima wa pande mbili wanatofautiana. Chololo wanaweka majivu ili kuwafukuza. Sawadogo aliwataka kabisa: mchwa wakifuata samadi wanatoboa udongo mgumu, na njia zao ndizo maji yanazopitia kushuka chini. Mimi nimejaribu yote mawili. Nilichoona shambani kwangu ni kwamba mchwa wakiwa na kitu kikavu cha kula hawahangaiki na mmea mbichi. Walinimalizia mtama msimu ambao shamba lilikuwa jeupe, halina hata bua moja. Walikula mtama kwa sababu ulikuwa ndio chakula pekee kilichobaki.

Mama Uwele

Kaka mimi naomba niseme ukweli. Hayo mashimo nani anayachimba? Mwanaume anasifia semina, jembe anashika mama. Nimepiga hesabu yako ya 60 kwa 90, heka moja ni mashimo karibu 7,500. Mimi nina watoto, nina maji ya kuchota, nina kuni.

Mleta uzi

Dada yangu, hesabu yako ni sahihi kabisa na hoja yako ni ya msingi kuliko yote. Ndiyo maana nawaambia watu wasianze na heka. Mimi nilianza na robo heka, nikachimba kidogo kidogo kuanzia Julai. Shimo halifutiki, msimu wa pili unalisafisha tu na kuongeza samadi. Mwenye ng'ombe wa kulimia asichimbe kabisa, atumie jembe la kupasua, lile linalochana mstari mmoja bila kupindua udongo. La aina ya Magoye, la Zambia, limeshatumika Chololo na linafanya kazi. Robo heka yenye unyevu, kwa uzoefu wangu, imenipa mtama wa kula mwaka ambao heka mbili za kando hazikunipa hata mbegu.

Na wanaume mnaosoma: kama mashimo haya ni kazi ya mama peke yake basi msiyaite kilimo endelevu.

Mgeni wa Manyoni

Mada nzuri. Ila mkuu kichwa cha uzi kinauliza mabua ni ya nani na bado hujajibu.

Mleta uzi

Naja huko mkuu.

Brazili, jimbo la Paraná, mmomonyoko ulikuwa unabeba mashamba. Mwaka 1972 mkulima mmoja wa Rolândia, Herbert Bartz, aliacha kupindua udongo. Akawa anapanda soya moja kwa moja ndani ya masalia ya zao lililopita. Leo Brazili ina mamilioni ya hekta zinazolimwa hivyo. Watu wetu wa ugani wanakuja na somo hilo: msitifue, funikeni udongo, zungusheni mazao. Somo ni la kweli, ingawa Wabrazili wengi wanategemea dawa ya kuua magugu na sisi fedha hiyo hatuna. Lakini sikilizeni. Bartz alipoacha mabua yake shambani, aliyakuta. Hakuna ng'ombe wa jirani aliyeingia usiku.

Hapa kwetu Juni tunavuna, Julai mifugo inaachiwa. Ndiyo desturi, na ina busara yake: ng'ombe wanakula mabua, wanaacha kinyesi, na asiye na shamba kubwa naye mifugo yake inaishi. Lakini Septemba shamba limekuwa uwanja wa mpira. Upepo wa Oktoba unachukua vumbi lote zuri, na mvua ya kwanza inapiga udongo uchi. Mimi nimefunika heka moja kwa mabua mara tatu. Mara tatu nimeamka nikakuta yameliwa. Simlaumu mchungaji, ni mtoto wa miaka 12 aliyefuata njia ya babu yake.

Ndipo nilipoanza kusoma upya habari za wenzetu nikiangalia kitu kingine, nani alikubaliana na nani.

Niger, Maradi, miaka ya 1980. Mwaustralia Tony Rinaudo alihangaika kupanda miche, ikafa. Siku moja akatazama vizuri vichaka vilivyotapakaa mashambani, akagundua si vichaka, ni miti iliyokatwa ambayo mizizi yake ingali hai. Ukichagua machipukizi machache yenye nguvu, ukapogoa mengine, ukaweka alama, mti unarudi haraka kuliko mche wowote kwa sababu mizizi imeshafika kwenye maji. Leo zaidi ya hekta milioni tano Niger zina miti iliyorudi hivyo. Dodoma tunaijua kazi hii kwa jina la Kisiki Hai, na mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit yameieneza vijiji vingi vya mkoa wetu. Lakini sehemu isiyosimuliwa sana ni hii: sheria za Niger tangu ukoloni zilisema mti ni mali ya serikali. Mkulima akitunza mti, si wake. Akiukata, anatozwa faini. Basi aling'oa mapema kabla haujaonekana. Miti ilisimama watu walipoanza kuamini kwamba mti ulio shambani mwangu ni wangu. Utaalamu wa kupogoa unajifunza asubuhi moja. Kuaminiana kulichukua miaka.

Nyika Kavu

Mkuu hapo umenigusa. Mimi kisiki hai nimefanya, migunga imetoka vizuri, mikwaju miwili. Kisha watu wa mkaa wakapita nikiwa mjini.

Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu. Ndicho ninachosema. Ulikuwa na kisiki, ulikuwa na kisu, ulikosa makubaliano.

Mgeni wa Manyoni

Lakini mkuu tusikwepe mbolea. Serikali ilirudisha ruzuku ya mbolea 2022, watu wamevuna. Hii habari ya asili tupu itatuletea njaa. Angalia Sri Lanka.

Mleta uzi

Nakubaliana nawe kwa asilimia kubwa. Sri Lanka mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku mbolea ya viwandani nchi nzima, ghafla, Aprili. Mpunga ukashuka, chai ikashuka, Novemba wakalegeza. Wakulima walinyang'anywa kitu kabla ya kupewa mbadala, na udongo hauzoei amri ya mwezi mmoja. Mimi mbolea natumia, kizibo kimoja cha soda kwa shimo, na kwa sababu shimo lina maji na samadi, mmea unaipata. Ukiirusha juu ya udongo mgumu mvua inaipeleka bondeni na pesa yako. Kwa hiyo sina ugomvi na mbolea. Ugomvi wangu ni kuiweka juu ya sakafu.

Umwagiliaji wa matone sitaugusa sana. Waisraeli wa kibutsi (kijiji cha ushirika) cha Hatzerim waliuanza kibiashara 1965, na kwa zabibu zetu, mwenye kisima na fedha, ni kitu kizuri. Mkulima wa mtama hapa hana kisima.

Bahi Kwetu

Samahani naingilia. Sisi tatizo letu ni kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Mtama unatoka vizuri, kisha maua ya zambarau yanatokea chini, mtama unadumaa. Dunia ina dawa gani?

Mleta uzi

Pole mkuu, kiduha ni dalili ya udongo uliochoka, kinapenda shamba lililopandwa nafaka mwaka hadi mwaka bila samadi. La karibu ni mbegu: ulizia Wahi na Hakika, aina za mtama zilizotolewa kwa ajili ya maeneo yenye kiduha. Ng'oa kabla hakijatoa mbegu, mmea mmoja unaweza kumwaga mbegu maelfu kwa maelfu. Na changanya kunde.

La mbali kidogo ni kazi ya wataalamu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Wanapanda desmodiamu kati ya mistari ya nafaka. Mizizi yake inatoa kemikali inayoiotesha mbegu ya kiduha kisha inaizuia isishike mzizi wa mtama, ikafa. Pembeni wanazungushia majani ya malisho yanayovuta bungua wa mabua watoke shambani. Kazi ya kupendeza kweli. Lakini desmodiamu ni mmea wa kudumu, lazima ubaki shambani kiangazi chote, nayo ni malisho matamu. Unaona tunarudi wapi?

Mama Uwele

Tunarudi kwa ng'ombe.

Mleta uzi

Tunarudi kwa ng'ombe, dada. Na sitaki mtu aelewe kwamba nawapiga vita wafugaji. Mimi ni Mgogo, mahari ya mama yangu ilitolewa kwa ng'ombe, na samadi ya mashimo yangu inatoka zizini.

Tuna mfano wa nyumbani wa kufanya jambo hili kwa nguvu. Kondoa, milima ya Irangi, makorongo yalikuwa yanameza mashamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, waliofika wanajua. Lakini ulizeni wazee wa Kondoa walivyohama na mifugo usiku, na waliopoteza. Ardhi ilipona na watu waliumia. Baadaye waliruhusiwa ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa bandani.

China nao, uwanda wa Loess, kati ya 1994 na 2005, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uligusa kilomita za mraba 35,000. Matuta ya ngazi, miti milimani, na marufuku ya kuachia mbuzi. Mbuzi wakalishwa bandani. Serikali yao ina mkono mrefu, sisi hatuwezi kuiga hilo na sitaki tuiige.

Kilichonigusa mimi ni kijiji kimoja India, Hiware Bazar, jimbo la Maharashtra. Mvua yao ni kama milimita 400 hivi kwa mwaka, chini ya yetu. Watu walikuwa wamehamia mjini. Kuanzia 1990, chini ya mwenyekiti wao wa kijiji, Popatrao Pawar, walikaa kwenye mkutano mkuu na kujiwekea masharti wenyewe: hakuna kuachia mifugo ovyo, hakuna kukata miti, hakuna kuchimba visima virefu vya umwagiliaji, hakuna miwa. Wakachimba makinga maji milimani kwa mikono yao. Kila mwaka wanapima mvua iliyonyesha na maji yaliyomo visimani, kisha wanaamua pamoja msimu ujao wapande nini. Mvua ikiwa haba, zao la kiu halipandwi. Na ng'ombe? Nyasi za mlimani zinakatwa na kubebwa nyumbani, na maziwa yakaongezeka. Makubaliano yalitangulia majembe.

Wasukuma wana kitu cha aina hiyo tangu zamani, ngitili, eneo la malisho linalofungwa masika na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 uliwarudishia watu ngitili zao, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa na miti. Shinyanga, ambayo waliwahi kuiita jangwa.

Mgeni wa Manyoni

Sawa mkuu, nimekuelewa. Sasa kikao chenu kilikwama wapi?

Mleta uzi

Kilikwama kwa swali la mzee mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, Niger, India, yote. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, ng'ombe wangu wale nini Septemba?" Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nikanyamaza.

Mama Uwele

Kaka, bua la mtama si lote ni la kufunika udongo. Sehemu ya juu yenye majani ndiyo ng'ombe anaipenda. Kisiki cha chini ni kigumu, hata hali vizuri. Kwetu mama yangu alikuwa anakata juu anafunga mizigo anaweka juu ya mti, anawapa kidogo kidogo.

Mleta uzi *(siku tisa baadaye)*

Wakuu, nimerudi na taarifa, na dada Mama Uwele asante mbele ya wote.

Tulikaa tena Jumatano chini ya mbuyu. Nikapeleka hoja ya kukata bua katikati: chini mpaka usawa wa goti libaki limesimama shambani, juu lifungwe mizigo iende zizini. Yule mzee akaomba tuipime kabla ya kubishana. Tukaenda kwenye shamba lake, tukakata mstari mmoja, tukafunga. Akanyanyua mzigo mwenyewe, akasema huu ni wa ng'ombe wawili kwa siku moja. Akahesabu mistari yake kwa vidole, akarudi kukaa. Hakusema amekubali, alianza kuuliza mizigo itawekwa wapi isiliwe na mchwa.

Kaya 11 zimekubali, zote mashamba yao yanapakana. Mifugo ya kitongoji itapita njia moja kwenda lambo, na njia hiyo tumeipanua hatua sita ili asiwepo wa kusema ng'ombe walibanwa wakaingia shambani. Asiye na shamba ndani ya eneo hilo atapewa mizigo kwa kubadilishana na samadi, debe kwa mzigo, tutaona kama kipimo hicho kinatosha. Miti inayochipua ndani ya shamba ni ya mwenye shamba, imeandikwa kwenye daftari la kitongoji na kila mtu ametia dole gumba au saini. Akina mama wameomba na wamepewa: mashimo ya kaya yachimbwe kwa zamu ya watu watano watano, wanaume wakiwemo.

Mstari wa mteremko tutaupima kwa fremu ya miti mitatu yenye umbo la A, kamba na jiwe likining'inia katikati. Anayetaka maelezo ya kuitengeneza aseme hapa, nitaandika.

Shamba la yule mzee ndilo liko kando ya njia ya lambo, yaani ng'ombe wote wanalipita kwanza. Ameomba lifungwe kabla ya mengine. Jumatatu asubuhi tunakata miiba ya uzio.